Mafuta Yapita Mlangoni Mwetu, Bei Yapangwa Kwingine

(Mazungumzo yaliyofanywa Chaani, Changamwe, mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu sawa na yalivyosemwa.)



Niliombwa nije nizungumze juu ya kawi na kuongezeka kwa joto duniani. Nikauliza, mwataka kusikia nini hasa? Nikaambiwa ukweli. Kuna kikundi hapa kina akiba ya miaka mitatu, na wanachama wake wamegawanyika. Wengine wataka wanunue tangi na pampu, wauze mafuta ya taa. Wengine wataka mitungi ya gesi. Na vijana wawili watatu wasema jua, wasema sola. Nasikia mkutano wa mwisho uliisha kabla ya chai kuletwa.

Basi nitasema na hao, na nyinyi wengine mtapata lenu humo humo. Lakini sitaanza na pampu. Pampu ni mwisho wa safari ndefu sana, na mtu akitia pesa zake mwishoni mwa safari asiyoijua, siku njia ikikatika yeye ndiye atakayebaki na tangi tupu.

Safari ya lita moja

Sisi watu wa Changamwe twakaa mlangoni pa mafuta ya nchi nyingi. Gati la zamani la Kipevu lilijengwa 1963, na lilipokea meli moja tu kwa wakati. Nyingine zilingoja nje. Mwaka 2022 likafunguliwa gati jipya, lile mnaloliona limesimama ndani ya maji, lililogharimu kama shilingi bilioni 40, nalo laweza kuhudumia meli nne pamoja. Kutoka garini... samahani, kutoka gatini, mafuta huingia matangini, na kutoka matangini huingia katika bomba liendalo Nairobi, kilomita kama 450. Bomba la kwanza lilianza kazi 1978. Kutoka Nairobi yaenda Nakuru, Eldoret, Kisumu, na huko malori huyachukua mpaka Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Congo ya mashariki. Daktari wa Goma akiwasha jenereta usiku ampasue mgonjwa, huenda dizeli ile ilipita hapa nyuma ya nyumba zetu.

Halafu kuna kiwanda cha kusafisha mafuta. Vijana wengi mlioko hapa mmekikuta kimenyamaza, kwa hivyo nieleze kidogo. Kilianza kazi 1963, mwaka wa Uhuru, na wenyewe walikuwa makampuni ya ng'ambo, Shell na BP wakiwa mbele. Mwaka 1971 Serikali ikanunua nusu. Meli zilileta mafuta ghafi, yale meusi mazito, kiwanda kikayapika na kuyatenga: petroli, dizeli, mafuta ya taa, gesi ya kupikia, mpaka lami. Kuna nyumba hapa Chaani zilizosomesha watoto kwa mshahara wa pale, na nyingine kwa kuwauzia chakula waliopata mshahara huo.

Mwaka 2009 makampuni ya kigeni yakauza nusu yao kwa Essar ya India. Ikasemwa mitambo itafanywa mipya. Haikufanywa. Septemba 2013 kiwanda kikaacha kusafisha, Essar wakatangaza kwamba watoka, na Serikali ikaja kununua sehemu yao kwa dola milioni 5. Tangu hapo matangi yametumika kama ghala.

Kwa nini kiliacha? Mafuta hayakuwa yameisha ulimwenguni, wala wafanyakazi hawakuwa wavivu. Mitambo ilikuwa ya zamani, na India na nchi za Ghuba walikuwa wamejenga viwanda vikubwa mno, vinavyosafisha kwa gharama ndogo. Lita iliyosafishwa hapa ikawa ghali kuliko lita iliyosafishwa huko ikapakiwa melini ikavuka bahari. Wenye makampuni ya kuuza mafuta wakalalamika miaka mingi, na mwishowe hesabu yao ikashinda. Mama aliyekuwa akiuza chapati pale langoni hakuwa kwenye hesabu hiyo.

Njia ya bahari

Sasa tuifuate meli nyuma, ilikotoka. Nyingi hutoka Ghuba. Hiyo ni njia ambayo wazee wa Mombasa waliijua kwa majahazi. Muscat na Basra si majina mageni kwetu. Lakini meli ikitaka kutoka ndani ya Ghuba ni lazima ipite mlango mwembamba wa bahari uitwao Hormuz, Iran upande huu, Oman upande ule. Kwa miaka mingi sehemu kama moja kwa tano ya mafuta yatumiwayo duniani imekuwa ikipita hapo. Pakivuma habari ya vita pale, bei ya pipa hupanda London na New York hata kabla bunduki haijalia. Na kwa kuwa EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, hutangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi, haichukui muda kabla fununu ya Hormuz kufika Magongo.

Haya si mageni. Mwaka 1973, wakati wa vita vya Waarabu na Israel, nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta makusudi. Pipa lililokuwa kama dola 3 likafika kama 12 kwa muda wa miezi. Kenya ilikuwa na miaka kumi tu ya Uhuru, na mipango mingi ya maendeleo ikavurugika hapo. Mwaka 1990 Iraq ikaivamia Kuwait, bei ikaruka tena. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na mwezi uliofuata pipa likapita dola 120. Ukraine! Ni wangapi hapa waliokuwa wamelisikia jina hilo kabla ya mwaka huo? Na ngano ikapanda pamoja na mafuta, ndiyo maana mandazi yalipungua ukubwa.

Mwanzo wa 2023 shida ikaja kwa mlango mwingine. Mafuta hununuliwa kwa dola, na dola zilikuwa zimeadimika Nairobi. Machi 2023 Serikali ikapatana na makampuni matatu ya serikali za Ghuba, Aramco ya Saudi Arabia, na ADNOC na ENOC za Falme za Kiarabu, kwamba tuletewe mafuta na tulipe baada ya siku 180. Ni kama kukopa dukani, ila mwenye duka ni mfalme. Ukimkopa mfalme huwezi kwenda duka la pili ukaangalia bei.

Uganda, ambayo karibu mafuta yake yote hupita hapa hapa kwetu, haikupenda kununua kupitia kwa makampuni ya Kenya. Wakavutana mpaka mahakama ya Afrika Mashariki, na kutoka Julai 2024 shirika lao la mafuta likaanza kuagiza lenyewe kupitia kampuni ya Vitol. Na mafuta yao wenyewe, yale ya Ziwa Albert, waliamua 2016 kwamba yatapitia Tanga, yasipitie Kenya. Bomba la kilomita 1,443, tena la kupashwa moto njia nzima, kwa sababu mafuta yao huganda kama samli. Mbele katika mradi huo wako TotalEnergies ya Ufaransa na CNOOC ya Uchina, pamoja na serikali za Uganda na Tanzania. Benki nyingi za Ulaya zikakataa kuukopesha. Sababu waliyotoa ni kwamba dunia yapata joto, na bomba jipya ni ahadi ya kuchoma mafuta kwa miaka mingi ijayo.

Waganda wengi walikasirika, na mimi nawaelewa. Ulaya imejengwa kwa makaa ya mawe na mafuta, halafu leo yamwambia mtu wa Hoima aache yake ardhini. Lakini kuelewa hasira ya mtu si kusema bomba litamletea riziki. Hayo ni mambo mawili, na twayachanganya sana.

Joto lafika kwa bili ya stima

Tukichoma mafuta, gesi au makaa ya mawe, hewa ya ukaa hupanda juu ikakaa huko miaka na miaka, ikaifunika dunia kama blanketi. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote tangu watu waanze kupima. Afrika nzima hutoa chini ya sehemu 4 katika 100 za hewa hiyo kwa mwaka. Lakini mvua iliyokosa misimu mitano mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023, ilikosa kwetu. Wenye jamaa Kinango na Ganze mwajua ng'ombe walivyokwisha. Kisha mwisho wa 2023 ikaja mvua ya El Nino, ikabomoa barabara na vyoo.

Desemba 2023 mkutano mkuu wa dunia juu ya hali ya hewa ukafanywa Dubai. Mwenyekiti wake alikuwa Sultan Al Jaber, mkuu wa ADNOC. Ndiyo, ADNOC hiyo hiyo tuliyokopa. Wakaandika, kwa mara ya kwanza katika mikutano hiyo, kwamba dunia ianze kuondoka katika mafuta, gesi na makaa ya mawe. Wengine walicheka, fisi kuwekwa mwenyekiti wa zizi. Mimi sikucheka sana. Muuzaji ndiye ajuaye kabla ya wote kwamba soko lake lina mwisho. Ndiyo maana nchi za Ghuba zajenga mashamba makubwa ya sola jangwani na huku zaongeza visima. Zataka kuuza kingi iwezekanavyo kabla mnunuzi hajaondoka. Na mnunuzi wa mwisho kuondoka atakuwa nani? Atakuwa maskini, asiye na pesa za kununua chombo kipya. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu tangi la mafuta ya taa.

Hebu kwanza niwaonyeshe jinsi mambo haya yanavyozunguka, maana ni hapa hapa. Stima ya Kenya sehemu kubwa, kama 90 katika 100, hutoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwa maji, upepo na jua. Twapaswa kushukuru, nchi nyingi tajiri hazijafika hapo. Lakini mvua ikikosa, mabwawa ya mto Tana hushuka. Mwaka 2009 bwawa la Masinga lilishuka mpaka mitambo yake ikazimwa. Maji yakipungua, mitambo ya mafuta huongezewa kazi, na mitambo hiyo iko wapi? Iko Kipevu hapo, na Rabai. Mafuta yake mwayalipa nyinyi: tazameni bili au ujumbe wa tokeni, kuna mstari wa gharama ya mafuta. Kwa hivyo ukame wa bara huja Chaani ukiwa ndani ya bili ya stima, na moshi wa kuuziba ukame ule watoka Kipevu ukaongeze joto.

Sasa tuje kwenye pampu

Mwaka 2018 ndio mwaka jiko la maskini lilipopigwa pande zote mbili. Februari, Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na makaa yakapanda. Kweli misitu ilikuwa yaisha, sibishi. Watu wakakimbilia mafuta ya taa. Septemba mwaka huo huo mafuta ya taa yakawekewa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita.

Kisa cha ushuru huo mkijue. Mafuta ya taa yalikuwa nafuu kwa makusudi, yamsaidie mwananchi wa chini. Wajanja wakayanunua kwa wingi, wakayachanganya na dizeli, wakauza kwa bei ya dizeli. Malori yakaharibika, na nchi jirani zikalalamika kwamba mafuta yatokayo Kenya si safi. Serikali badala ya kumfuata mjanja mmoja mmoja ikapandisha bei mpaka ujanja usilipe. Ukakoma, sawa. Lakini mjanja alikuwa na lori, na aliyelipa ni mama mwenye stovu. Mauzo ya mafuta ya taa nchini yakaanguka, na waliokuwa na pampu mitaani waliona kwa macho yao.

Ndiyo sababu nasema, wenzangu mnaotaka pampu, mwataka kuingia katika nyumba ambayo wengine watoka. Bei hamtaipanga nyinyi. Faida kwa lita ni ndogo. Mnunuzi wenu ni yule asiyeweza kununua kitu kingine, na siku akipata mia mbili za ziada atawakimbia. Halafu kuweka mafuta katikati ya nyumba za mabati, mwajua. Sinai, Nairobi, Septemba 2011, mafuta yalivuja kutoka bombani yakaingia mtaroni, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, wakafa watu kama mia moja. Sisi twakaa karibu na mabomba na matangi kuliko wao. Hilo peke yake lingetosha kuwa ajenda ya mkutano mzima, na ikiwa kuna chifu au mwakilishi wa wadi anayenisikia, wananchi wangependa kuonyeshwa bomba limepita wapi na simu ya kupiga ni ipi.

Gesi je? Gesi naipenda zaidi. Haina moshi wa kumwumiza mtoto kifua, na hifadhi kubwa iko Miritini, si mbali. Lakini msidhani ni kimbilio lisilotikisika. Nayo pia huja kwa meli na kununuliwa kwa dola. Kodi yake imechezeshwa kama mpira: 2016 iliondolewa, Julai 2021 ikarudishwa kwa asilimia 16, 2022 ikashushwa mpaka 8, 2023 ikaondolewa tena. Na tofauti na petroli na mafuta ya taa, bei ya gesi haitangazwi na EPRA. Duka hili lina bei yake, na lile lina yake.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa kikundi ni huu, na mwaweza kuukataa. Msianze na duka. Anzeni na jikoni kwenu wenyewe. Kwa mwezi mmoja kila mwanachama aandike katika daftari kila shilingi ya mkebe wa makaa, ya chupa ya mafuta ya taa, ya gesi, ya kuchajisha simu. Wengi wataona kwamba anayenunua makaa kwa mkebe kila jioni alipa zaidi kuliko anayenunua gunia, na huenda zaidi kuliko mwenye mtungi. Kinachomzuia si bei ya gesi, ni kununua mtungi wenyewe na kupata pesa za kuujaza kwa mara moja. Hapo ndipo upatu unapofaa. Badala ya kutoleana pesa taslimu, toleaneni mitungi ya kilo 6 kwa zamu, halafu wekeni kisanduku cha kujazia, mtu atie kidogo kidogo kila siku kama alivyokuwa akitoa ya makaa. Mkishafika thelathini hamhitaji kumbembeleza muuzaji, mwapatana naye bei ya jumla. Na hata mwenye gesi asitupe seredani yake. Maharagwe na muhogo vyapikwa kwa makaa, na jiko lenye udongo ndani lala makaa machache kuliko la bati tupu.

Mkitaka duka baadaye, litakuja likiwa na wateja wake tayari. Lakini leseni kwanza, na ukaguzi wa zimamoto. Msikubali kijana yeyote ajaze mtungi kutoka mtungi mwingine uani. Februari 2024 kule Embakasi, Nairobi, kituo cha kujazia gesi ambacho EPRA ilisema hakikuwa na kibali kililipuka usiku, na nyumba zikaungua na watu ndani.

Vijana wa sola

Nyinyi sina haja ya kuwahubiria. Jua la Mombasa halipiti Hormuz. Taa, redio, simu, feni ya mgonjwa, yote yawezekana. Kupikia bado ni ghali, msidanganywe na anayeuza. Ila nawaombeni mjue kwamba hata kawi hii mpya ina wakubwa wake na uchafu wake.

Paneli nyingi zatengenezwa Uchina. Sumaku za mitambo ya upepo na magari ya stima zahitaji madini adimu, na hapo pia Uchina imetangulia mbali, Marekani na wengine wakimbia nyuma. Sasa tazameni ng'ambo ya kivuko. Kwale, kilima cha Mrima, ni kaya na msitu wa Wadigo. Ndani yake kuna madini hayo na niobi. Kampuni moja ya kigeni ilipewa leseni, ikafutiwa 2013, ikaipeleka Kenya katika mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, na 2018 ikashindwa. Sidhani ni wa mwisho kubisha hodi. Sheria ya Madini ya 2016 yasema katika ushuru wa madini wanaoishi pale wapate sehemu 10 katika 100, kaunti 20, na Serikali 70. Mwenye jamaa Mrima amwambie aisome sasa, kabla ya magari kufika.

Na uchafu wake twaujua. Owino Uhuru iko Mikindani, mtu aenda kwa miguu. Kutoka 2007 mpaka 2014 kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Moshi na maji yake yakaingia kwa watu kama 3,000. Watoto wakapimwa, damu ikakutwa na sumu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo na mtoto wake akaugua, akasimama na wakazi. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikautupa uamuzi huo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Miaka kumi tangu kiwanda kufungwa. Betri zile nyingi zilikuwa za magari, lakini betri ya asidi ya sola ni ndugu yake wa toka nitoke.

Nimesema mengi. Maswali.

Maswali na majibu

Mama mmoja aliuliza: Mzee, Turkana si kuna mafuta yetu wenyewe? Yakianza, si tutapata nafuu?

Jibu: Mama, mafuta yale yaligunduliwa 2012. Mwaka 2018 yakaanza kuletwa kwa malori, na yaliwekwa wapi? Katika matangi ya hapa Changamwe. Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa kama 240,000, ikapakiwa melini ikaenda zake. Hakuna lita moja iliyopikiwa wali hapa, kwa sababu ni mafuta ghafi na kiwanda chetu kilikuwa kimenyamaza. Hata kingekuwa chafanya kazi, ungeuziwa kwa bei ya dunia. Watu wa Lokichar walifunga barabara 2018, malori yakasimama majuma kadhaa, wakidai usalama na fungu lao. Sheria ya Petroli ya 2019 ikawaandikia sehemu 5 katika 100 wenyeji, 20 kaunti, 75 Serikali. Kwa hivyo nafuu yako wewe itakuja kwa Serikali, ikija.

Mzee mmoja: Kama Afrika yatoa moshi kidogo hivyo, kwa nini mtu wa Chaani ajisumbue?

Jibu: Kwa ajili ya dunia, mzee wangu, hudaiwi kitu. Waliochoma ndio wadaiwa, na serikali zetu zimewaambia hivyo, hata katika mkutano wa Afrika uliofanywa Nairobi Septemba 2023. Mimi sikusema mbadilishe jiko ili muiokoe Ulaya. Nilisema msifunge akiba ya miaka mitatu kwenye kitu ambacho bei yake hupandishwa na vita vya watu msiowajua.

Kijana: Betri ya sola ikifa, tuipeleke wapi?

Jibu: Msiivunje uani, hata kama mnunuzi wa vyuma chakavu awaambia atalipa zaidi ikiwa tupu. Asidi ile ikimwagwa yaingia kisimani, na risasi yabaki kwenye mchanga wanaochezea watoto. Ulizeni kabla ya kununua: muuzaji atakubali kuirudisha ikiisha? Asiyekubali, nendeni kwa mwingine. Na siku itakapochukuliwa, mweka hazina aandike katika daftari la kikundi nani ameichukua, tarehe gani, na namba ya gari lake.